Ya Kutolea

Kwetu ukimtumia mtu hela kwa simu bila kuongeza ya kutolea, ile ada ya wakala, bora usingetuma. Atapokea, atashukuru, kisha atakusema kwa majirani kwamba umempunja. Mdogo wangu alikwenda Uarabuni kuendesha lori, na mazoea hayo akaondoka nayo. Ndiyo yaliyotuponza.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nilimtoa kijijini Busi nikamleta kwangu mjini, Area D, asubiri upasuaji, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa akidunduliza gharama. Benki aliona wanamkata mno, akaamua kutuma kwa sarafu za kidijitali. Nilimpa anwani ya akaunti yangu na mtandao wa kupitishia. Alipofika kwenye kuchagua, akaona kuna mwingine wenye makato madogo. Akaubonyeza huo, ili kitakachobaki kiwe ya kutolea ya mama. Alidhani ni kama mitandao ya simu, unatoka huu unaingia ule na hela inafika tu.

Haikuingia. Ukurasa wa miamala wa mtandao ule ulisema imefika salama. Akaunti yangu ilisema sifuri. Niliwaandikia wenye kampuni iliyonifungulia akaunti nikiwabembeleza. Wakajibu kwa adabu kwamba mtandao huo hawaupokei na fedha hizo hazitarudi. Ile adabu yao iliniudhi, afadhali wangenitukana. Nililia jikoni, bomba nimelifungulia, mama asisikie.

Mdogo wangu akaacha kupiga simu. Nilimwandikia, "Hakuna anayekulaumu, piga." Mama habari za hela hakuuliza hata siku moja. Akimaliza kuswali alasiri, saa aliyozoea kupigiwa, alikaa na simu mapajani, na hilo liliniuma kuliko macho yake.

Mwisho akasema, "Mwambie nimeshafanyiwa upasuaji. Mwambie nataka kumwona."

Niliuandika uongo huo. Akapiga palepale, simu ya video. Nikaishika mbele yetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Uso aliuelekeza kwenye simu, lakini macho yalikuwa yanaangalia pazia. "Alhamdulillah, nakuona. Umenenepa!"

Mdogo wangu alikuwa amekonda, mifupa ya mashavu imemtoka. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akaelewa. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ndiyo mama," akasema. "Huku tunakula vizuri."