Jeep ya Kijani na Kidole Chake

Wakati wa amani, muntu anayenunua gari anauliza inakunywa mafuta kiasi gani na viti viko laini namna gani. Sisi, wakati wa vita, tuliuliza kitu kimoja: mwenye bunduki akiishika, itamutii?

Miguu ya mama yetu ilikuwa imekufa. Ilianza na kiuno, halafu tukazunguka kwa waganga, halafu... basi, nikiingia kwa habari ya waganga sitatoka. Watu walikuwa wanashuka toka Kamanyola na Mutarule, magodoro kichwani, wanapita muji wetu wa Uvira bila kusalimia. Muntu wa kwetu apite bila kusalimia! Mukubwa wangu, mutoto wa kwanza wa mama, akasema, "Mama hatutamubeba mugongoni mpaka Burundi. Tuuze ng'ombe, tununue jeep."

Karibu na bandari, mufanyabiashara mumoja alikuwa na jeep mbili ndogo. Ya kijivu ilikuwa mupya, magurudumu yote mane yanavuta, ikiwaka huisikii. Ya kijani ilikuwa imezeeka, milango inalia. Tukamupeleka mama ajaribu zote. Mu ile ya kijivu akapata usingizi kabisa.

"Mama, amuka, hatujanunua bado," nikamwambia.

"Nyinye mununue. Minye nimeisha fika."

Tulicheka. Mwenye jeep naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwa barabara, na mizigo yake mwenyewe ilikuwa imefungwa tayari.

Minye niliitaka ya kijivu. Mukubwa wangu akafungua boneti, akatikisa kichwa. "Hii iko na kompyuta. Utachomoa nini hapa? Wakikunyanganya ufunguo, imekwenda. Hii ya kijani iko na delko."

Pale Uvira hata muke wa sokoni alijua maana yake. Ndani ya delko, kile kikopo cha umeme pembeni ya injini, kuna kakipande kadogo kanakogawa moto kwa plagi, tunakaita kidole. Ukikachomoa, gari ni bati tu. Na wenye magari walikuwa na desturi: kidole hakilali nyumbani kwako, kwa sababu ukipigwa utakitoa. Kinalala kwa ndugu, ili hata wakuvunje mbavu, huna cha kuwapa.

"Yaya, lakini hii ya kijivu inakimbia," nikamwambia mukubwa wangu.

"Itakimbia na wao juu yake. Weye utabaki unapunga mukono."

Tukanunua ya kijani. Tulipoifikisha nyumbani, kidole tukakichomoa, tukakipeleka kwa dada yetu, kule upande wa mpaka wa Burundi. Akakifunga mu pembe ya kitenge chake, kama mwanamuke anavyofunga kitu cha maana.

Siku chache zilikuwa kimya. Kimya ile haikuwa nzuri. Hata wavuvi walikuwa wanaongea na midomo karibu na masikio. Halafu asubuhi moja bunduki zikaanza mulimani, juu ya muji. Tukamuweka mama ndani ya jeep, kitambaa kichwani, rozari mukononi. Mukubwa wangu akakimbia kwa dada kuchukua kidole.

Alikuta mulango wazi, maharagi yangali yanachemuka juu ya moto. Muntu hakuna, na barabara ya mpaka imejaa wanaokimbia. Aliporudi kwetu nilimutazama mikono kwanza.

"Kiko wapi?"

"Kimevuka," akasema. "Dada amevuka nacho."

Mama akatoa kichwa dirishani. "Kwa hiyo kidole kimekuwa mukimbizi, na minye mwenye gari ningali hapa?"

Hakuna aliyecheka. Bunduki zilikuwa zimeshuka mpaka kwenye nyumba za juu. Tukafungua nati za kiti cha nyuma, tukakitoa na mama juu yake, tukakifunga kwa miti miwili. Jirani wawili wakashika nyuma, sisi mbele. Ufunguo tuliuacha pale pale, mu jeep.

Hatukuwa tumefika mbali. Nyuma yetu tulisikia jeep inakohoa. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Wanaume wa bunduki wanatukana. Mwenye nyumba yetu, muzee aliyetupangisha, alikuwa amekataa kukimbia. Tulimuacha amekaa barazani. Tukasikia anaulizwa kidole kiko wapi. Halafu risasi. Kama walipiga gari ao walipiga muntu, wakati ule sikujua.

"Munigeuze nione," mama akasema.

"Kiti hakigeuki, mama," mukubwa wangu akajibu, na akaongeza mwendo.