Siku Nilipojiita Mwalimu Kariakoo

Jamani, ukiwatoa wenzangu wawili wa kazini, hili sijamwambia mtu, hata dada yangu wa tumbo moja, lakini aibu ukiikalia sana inakukalia na wewe, basi leo naitema. Mimi ni jaji wa mahakama ya juu kabisa nchini, ile ambayo ukishindwa hapo umebaki na Mungu tu, na mimi huyuhuyu nilishikwa Kariakoo mchana kweupe, naitwa mwizi wa viatu.

Ilianza na soli. Tulipoinuka kwenda mapumziko, soli ya kiatu cha kulia ikaachia, inapiga paa, paa, sakafuni, na alasiri tulikuwa na rufaa ya kusikiliza, majaji watatu, asipokuwepo mmoja hakuna kikao. Ningeweza kumtuma dereva, lakini mguu wangu mpana (msicheke), lazima nijaribu mwenyewe, kwa hiyo nikamwambia anishushe Mchafukoge, nikaingia Kariakoo nachechemea.

Mwenye duka, Bwana Salmini, alikuwa mcheshi. "Mama unafanya kazi gani, nikuchagulie kiatu cha kazi?"

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikawaza, nikisema jaji bei itapaa. "Mwalimu," nikasema. "Shule ya msingi, Buguruni."

Akanionea huruma, akapunguza bei palepale, nami nikajiona mjanja wa mjini. Nikavaa viatu alivyonichagulia, vikanikaa, mara simu ikaita. Karani wangu ananiambia kikao kitaanza nusu saa kabla ya muda uliopangwa, lakini simsikii vizuri, spika ya duka la jirani inapiga kelele, nikatoka kibarazani, nikasogea, nikasogea tena, nasema "ndiyo, nakuja, nakuja," mpaka nimefika kona ya mtaa.

"Mwizi! Yule mama mwizi! Kavaa viatu vyangu!"

Anayeijua Kariakoo analijua neno hilo. Watu walitoka sijui wapi, Salmini kanishika mkono, anahema.

"Nimepitiwa, ndugu yangu, nilikuwa kwenye simu. Mimi mwalimu wa Buguruni, siwezi kuiba."

"Shule gani?" akadakia dada mmoja mwenye beseni la ndizi kichwani. "Wanangu wote wamesoma Buguruni."

"Nimehamia juzi."

"Mwalimu mkuu anaitwa nani?"

Nikarudia kuwa nimehamia juzi. Salmini akawageukia watu. "Mmeona? Kama kazi yake tu anadanganya, la viatu tutamwaminije?"

Jamani, sentensi hiyo ni yangu! Nimeiandika kwenye hukumu sijui mara ngapi, kwa maneno mazito zaidi, na watu wamebaki ndani kwa ajili yake. Sasa naisikia nikiwa upande wa pili, na mwanaume mmoja ameshaokota kipande cha tofali.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura, bibi anayeuza khanga ng'ambo ya duka. Alikuja taratibu, watu wakampisha.

"Salmini, huyu alikuja peku?"

"Hapana, bibi."

"Basi viatu alivyokuja navyo viko wapi? Na mkoba? Mimi nimemwona akiingia na mkoba."

Tukarudi dukani msafara mzima. Viatu vyangu vilikuwa chini ya benchi, soli imelegea kama ulimi, na juu ya benchi mkoba, pesa zote ndani.

"Mwizi gani anaiba viatu anaacha pochi?" Bi Zuhura akauliza, watu wakaangua kicheko. (Miaka thelathini ya sheria, na hoja hiyo haikunijia!)

Nikatoa pesa nilipe, kitambulisho kikadondoka. Dada wa ndizi akakiokota, akasoma kwa sauti: "Jaji!"

Kicheko kikakatika. Salmini akarudi nyuma mpaka ukutani. "Mheshimiwa, nisamehe, nina watoto." Na hofu yake hiyo iliniuma kuliko kuitwa mwizi.

"Bwana Salmini, aliyedanganya ni mimi. Wewe ulidai mali yako." Nikamlipa bei aliyoitaja mwanzo, nikamwinamia Bi Zuhura. "Shikamoo bibi, ahsante sana."

"Marahaba, mwanangu. Na huko mahakamani muwe mnauliza."

Nilifika nimechelewa. Wenzangu wameshavaa majoho, wananisubiri, na mkubwa wetu akauliza nimepatwa na nini. Neno "foleni" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na nani Dar angebisha? Nikalimeza, nikawaeleza yote. Mkubwa akacheka mpaka akavua miwani afute machozi, halafu akaivaa tena.

"Na zile hukumu zetu?" akasema.

"Hilo ndilo nililokuwa nawaza njia nzima."

Tukaingia ukumbini. Tangu siku ile nimeapa: nikikuta kwenye jalada mtu aliyedanganya jambo dogo, silifungi jalada hilo. Narudi ukurasa wa kwanza, natafuta kama kuna yeyote aliyejisumbua kumuuliza swali la pili.