Majaketi ya Theluji Kwenye Jua la Mpanda

Jamani, nyie mnaonicheka mkipita pale kibandani kwangu ninaposhonea, Shanwe, chekeni tu, hata mimi nikikumbuka najifunika kanga usoni. Ila ngoja niwasimulie mwenyewe, maana huko mtaani wameshatia chumvi mpaka eti kuna mtu alilazwa (hakulazwa mtu, alimwagiwa maji tu).

Kaka yangu anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii huko hifadhini, na mgeni mmoja aliondoka akaacha jarida la mambo ya milimani, watu wanapanda miamba kwa kamba, wanateleza kwenye theluji, wengine wamekaa tu mlangoni mwa nyumba za mbao wanakunywa chai. Kaka akaniletea, nikaliweka mezani pamoja na vitabu vyangu vya mishono. Sikumwambia mtu achague humo.

Basi akaja Mama Kashindye, mwenyekiti wa kwaya yetu (mimi naimba humo sauti ya pili), kuchagua sare ya mashindano. Kila mwaka tunatolewa hapa hapa Mpanda, na fainali iko Sumbawanga, hatujawahi kuiona, na yule mama anaitaka mpaka anaiota. Akafunua jarida, akakuta familia imesimama mstari mmoja kama kwaya kabisa, majaketi mekundu yamevimba mpaka shingoni.

"Fundi, hii hii. Sumbawanga baridi, mwanangu, tutaumwa vifua."

"Mama, na joto la hapa Mpanda je?"

"Kwani huwezi kushona?"

Hapo nilitakiwa kusema siwezi. Nikasema naweza, tena kwa sauti, maana fundi wa jirani alikuwa anasikia. Nikajaza sponji la magodoro.

Siku yenyewe ni Oktoba, ukumbi wa bati, zamu yetu saa saba mchana. Kuvaa tulivalishana, mikono haishuki, kila mtu kaipanua kama mtoto anayetaka kubebwa. Ubeti wa kwanza tuliimba wote. Wa pili tuliimba wachache. Wa tatu Baba Nestory wa besi akafumba macho, nikadhani ni upako, kumbe mwenzetu anaanguka, akamlalia jirani, jirani akamlalia mwenzake, mstari mzima ukaenda chini polepole na mimi nimo. Hakuna aliyeumia, sponji lilikuwa zuri, na Baba Nestory alimwagiwa maji akazinduka. Shida ilikuwa kuinuka. Watu wakapiga makofi wakidhani ni igizo, jaji akasubiri, akasubiri weee, mwisho akashika maiki: "Asanteni. Kwaya inayofuata."

Tukawa wa mwisho. Mama Kashindye akawa ananipita kanisani kama nguzo, na iliniuma, maana yule mama ananipenda.

Halafu siku moja nimekaa naye kibandani tunapatana, wakaingia kwaya ya Magamba, ndio washindi, wamevua na kofia kwa adabu. "Samahani mama, tunaenda fainali na huko tunasikia baridi kali. Tungeomba mtuazime yale majaketi."

Nikasubiri kelele. Mama Kashindye akaliangalia furushi la majaketi pale kona ya kibanda, akanigeukia.

"Wape, fundi. Angalau yenyewe yafike."

Nikainamia cherehani nikajifanya natunga uzi, machozi yananitoka. Tangu siku hiyo nimeapa, mteja akileta picha, hata iwe nzuri namna gani, simwambii naweza kabla sijamuuliza nguo hiyo ataanza kuivalia wapi.