Waliniuliza Kizazi cha Nini

Naitwa Mwanahamisi, wengi huniita Mama Asha. Nimezaliwa Kwamsisi kule Handeni, nimeolewa Ngombezi, Korogwe. Nina miaka arobaini na moja na watoto wanne. Nawasimulia haya nikiwa bado na hasira, nawaambia mapema, maana kuna watu hupenda ushuhuda wa mtu aliyekwisha kusamehe. Mimi sijafika huko.

Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa kazi. Kwamsisi nimelima mahindi tangu utotoni. Nilipoolewa nikapata kazi ya kuanika singa, zile nyuzi mbichi za mkonge zinazotoka mashineni zikichuruzika maji. Unabeba mzigo begani, unautandaza kwenye waya, unarudi kuchukua mwingine. Mume wangu, Baba Asha, alikuwa akinitania kwamba ameoa trekta.

Mtoto wa nne alikuwa mkubwa na uchungu ulikuwa mrefu. Nilisukuma mpaka macho yakawa mekundu. Mama mkwe akaja kunikanda kwa maji ya moto na kunifunga mkaja, kama ilivyo desturi: kitambaa kigumu cha marikani kinazungushwa tumboni na kukazwa ili tumbo lirudi. Arobaini ilipokwisha nikarudi kwenye singa. Hakuna aliyenizuia, na mimi sikuuliza.

Miezi michache baadaye, nikiwa nimeinama kuinua mzigo, nilihisi kitu kimeteremka. Nikaenda chooni, nikajishika. Kinyama laini, cha mviringo kama limau, kimetokeza ukeni. Nikajua nakufa. Nikilala kinarudi, nikisimama kinashuka. Nikikohoa mkojo unanitoka, na siku nyingine hautoki kabisa mpaka nikisukume juu kwa kidole. Samahani kama mnakula. Kiuno kiliuma, na mambo ya chumbani niliyakwepa kwa visingizio mpaka visingizio vikaniishia.

Nilimwambia mama mkwe peke yake. Akasema, "Ni kizazi hicho, mwanangu, kimelegea. Hukufungwa vya kutosha." Akanifunga upya. Hapo ndipo tulipokosea. Kila kiliposhuka nilikaza mkaja zaidi, na kila nilipokaza kilishuka zaidi. Nilikuwa nalala nao, naamka nao, naanika singa nao. Mwaka ukapita hivyo. Kikawa kinasuguana na nguo mpaka kikatoka kidonda, kikaanza kuvuja damu.

Damu ndiyo iliyonipeleka hospitali. Daktari alinipima upesi upesi, hata tumbo hakunifunua.

"Mama, kizazi kimeshuka. Tutakitoa."

"Hakuna namna nyingine, daktari?"

"Una watoto wangapi?"

"Wanne."

"Sasa kizazi cha nini?"

Akamwita Baba Asha ndani, akamweleza yeye, mimi nimekaa hapo hapo, kama fundi anavyozungumza na mwenye baiskeli. Jamani, nilikereka!

Sikutaka mtoto wa tano, wallahi. Lakini shangazi yangu wa Kwamsisi alitolewa kizazi, na miaka michache baadaye uke wenyewe ukashuka. Nilitaka kujua kama na mimi itakuwa hivyo. Nilitaka mtu aniambie kwa nini kiungo changu kitolewe kabla hatujajaribu kitu kingine chochote, maana kikishatolewa hakirudishwi. Nilirudi mara mbili kuuliza. Mara ya kwanza nikaambiwa nimeshaandikiwa upasuaji, nisubiri zamu yangu. Mara ya pili nesi akamwambia mwenzake, nikisikia kabisa, "Huyu ndiye yule mbishi."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe alisema, "Daktari akishasema, imekwisha hiyo. Au wewe umesoma kumzidi?" Baba Asha akasema, "Mimi nataka upone tu." Najua alinitakia mema. Ila hata yeye hakuniuliza mimi ninataka nini.

Wiki hiyo nikaenda Korogwe mjini kununua marikani nyingine, maana ya zamani ilikuwa imechakaa. Nilizoea kununua kwa Mama Zulekha, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mama Asha, hii marikani ya tatu mwaka huu. Kwenu kuna wazazi wangapi wa kufungwa mkaja?"

Nikaangua kilio pale pale katikati ya majora. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe nimewekewa pete ndani, mwaka wa sita huu. Yuko mkunga mmoja Kilole. Nenda kwake kabla hujakubali kukatwa."

"Na hukuwahi kusema, mama?"

"Nimwambie nani? Wewe ulimwambia nani?"

Kesho yake nilikuwa Kilole. Mkunga alikuwa mtu mzima, nikamwamkia shikamoo, akanilaza. Akafunua tumbo, akaona mistari ya mkaja. Nikamweleza, tena kwa fahari kidogo, jinsi ninavyojitahidi kujifunga. Akashusha pumzi.

"Mama Asha, ukibana dawa ya meno katikati, inakwenda wapi?"

Nililia kwa hasira. Mwaka mzima nilikuwa nakisukuma chini kwa mikono yangu mwenyewe, na hospitalini hakuna hata mmoja aliyeniona ninavyojifunga.

Akanieleza kwamba kuna pete laini ya kushikilia kizazi, na kuna mazoezi ya misuli ya nyonga. Kuna upasuaji wa kukiinua na kukishona bila kukitoa. Na wapo wanawake ambao kukitoa ndiyo dawa yao hasa, kwa mfano kikiwa na ugonjwa. "Mimi nakueleza zote," akasema. "Kuchagua ni kazi yako." Maneno hayo hayakuchukua hata nusu saa. Kwa nini nilihangaika karibu miaka miwili kuyapata?

Nilichagua pete. Kwanza kidonda kilitibiwa na kupimwa, tukasubiri kipone. Pete ya kwanza ilinidondoka chooni siku ya pili, nikairudisha nimenuna. Ya pili ilinibana. Ya tatu ikakaa. Mazoezi ni kukaza kama unayezuia mkojo, unahesabu hadi kumi, unalegeza, asubuhi, mchana na jioni. Baba Asha alikwenda mwenyewe kwa msimamizi kuniombea kazi nyepesi, nikahamishiwa kupanga singa kavu.

Sijawa mpya. Kila miezi mitatu narudi Kilole pete isafishwe na nikaguliwe. Kuna siku natokwa na uchafu mwingi, na nikicheka sana mkojo bado unanichomoka. Lakini nakojoa bila kidole, na kitandani tumeelewana tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru mkunga, namshukuru Mama Zulekha aliyefunga duka kwa ajili yangu. Ninyi mnaonisikiliza, mkizaa msijikaze mkaja kama mimi na msikimbilie mizigo. Ukihisi kitu kinashuka, nenda mapema. Ukiona damu, nenda siku hiyo hiyo. Ukiambiwa utolewe kizazi, uliza njia nyingine na sababu yake, hata wakikuita mbishi.

Mwezi uliopita nilikuwa nafua, mama mkwe akaja akakaa karibu yangu. Akauliza, "Hiyo pete, mtu wa miaka sabini inamfaa?" Nilidhani anamuulizia jirani. Akainamisha kichwa. "Nimekaa na hali hii tangu nimzae mumeo." Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nikaziacha nguo kwenye maji, nikamshika mkono tukaondoka.

Kule Kilole mkunga alimpima, akamsaidia kukaa, akamwambia, "Bibi, njia zipo kadhaa. Nitakueleza zote, au umechoka, urudi siku nyingine?"

Mama mkwe akajitengeneza kanga kichwani.

"Nieleze polepole, mwanangu. Nimengoja miaka arobaini na tano, leo sina haraka."