Kona Nne za Jikoni kwa Mama

Kila nipitapo penye karakana za Thika na kunusa mbao za muhuhu zikikatwa, machozi hunilengalenga. Muhuhu ni mti mgumu wenye harufu tamu. Kwangu hiyo ni harufu ya Baba.

Miaka ya hamsini alikuwa seremala katika shamba la kahawa karibu na Ruiru. Mzungu mwenye shamba alitaka sakafu ya mbao sebuleni, izunguke jiko la mawe la kuotea moto, lililojengwa ukutani. Kazi hiyo ilimkosesha Baba raha. "Ukianzia mlangoni," alisema, "utafika motoni na kipande chembamba, kila mgeni akione. Huanziwa motoni." Basi Jumamosi moja alikuja nyumbani na gunia la mabaki ya mbao, ajaribu kuzipanga kwanza.

Alizipangia jikoni kwa Mama. Alifagia majivu, akayazungushia mafiga matatu fremu ya mbao, kona zote nne zimekatwa mshazari zikakutana sawasawa. Kisha akapanga mbao nyingine kutoka hapo kwenda nje, akiacha nafasi ndogo, maana mvua ikija mbao huvimba.

Nilikuwa na miaka saba, ningejuaje? Nilijua tunawekewa sakafu. Nikawatangazia majirani wote, na watoto wenzangu nikawaamuru waoshe miguu ndiyo waingie. Mama hakunikosoa. Aliketi akanyoosha miguu juu ya mbao, akamenya viazi polepole kuliko siku zote.

Jumapili tulipotoka kanisani, Baba akaanza kuziokota, kila moja akiitia alama kwa mkaa. Nikakaa juu ya zilizobaki nikilia, nikakataa katakata kuondoka.

"Baba Wanjiku, si umwachie hata kamoja?" Mama akasema.

"Mbao zina mwenyewe. Hata mabaki yanatakiwa yarudi."

Akaninyanyua, akamaliza. Nilimnunia wiki nzima, na moyoni nikamwita mchoyo kwa miaka mingi. Alikufa nikiwa bado na hilo neno.

Juzi juzi, nikijenga nyumba yangu, nilimsimulia fundi wangu kisa hiki. Akacheka kidogo.

"Jiko la mzungu si lilikuwa ukutani, mama?"

"Ukutani."

"Basi nyuma ni ukuta, kona mbili za mbele zilimtosha. Hizo zingine mbili alizikatia nini?"

Nikayaona tena mafiga ya Mama, katikati ya jikoni, mbao zimeyazunguka pande zote nne. Nilitoka nje nikalia, mtu mzima mimi, nikimtaka Baba.