Kikombe cha Redio

Kinyozi huyu wateja walimwita Redio, na wala hawakumwonea. Ukikaa tu kitini, kabla hujafungwa kitambaa shingoni, ameshaanza: bei za vitu, mpira, ndoa za watu. Redio ya kweli angalau ina kitufe cha kuzima.

Mbali na maneno, alipenda sukari. Chai yake ilikuwa nzito hadi kijiko kikawa kinasita kuzunguka. Basi siku moja akamnyoa karani wa benki nyusi nzima, akaapa kwamba hakuiona, na kumbe ni kweli, hakuiona. Zahanati wakampima: kisukari, na macho yameanza kuingia ukungu. Sasa kinyozi asiyeona ni kinyozi gani, jamani?

Aliyehangaika ni mkewe. Alimfuata muuguzi, akauliza, akauliza tena, akarudi na kopo la sukari ya matunda, ile iitwayo fruktosi. "Hii ni tamu kuliko ya kawaida, na haipandishi sukari ya damu kwa kasi ile," alimweleza mumewe huku akijaza chupa chai isiyo na kitu. "Ila kijiko kimoja kidogo, basi. Ukizidisha, ini linaigeuza mafuta, na tumbo linajaa gesi. Halafu sikiliza..." Nani asikilize? Bwana alikuwa ameshaingia kwenye habari za jirani aliyeuziwa baiskeli mbovu.

Kule saluni alimimina chai ya moto, akatia kijiko, akaonja. Chapwa. Akaongeza kimoja. Bado. Akaongeza tena, akijifariji kwamba haya ni matunda, na hajasikia mtu aliyeuawa na chungwa. Uongo mtupu, maana chungwa lina maji na nyuzinyuzi zake na humalizi kumi kwa mkupuo. Kopo halina cha kukuzuia. Mara mteja akaingia, maneno yakaanza, na alipokikumbuka kikombe kilikuwa kimepoa. Akapiga funda. Shira!

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na huyu alishinda akizikata za wenzake. Akakata shauri kwamba mkewe anaficha sukari ya kawaida ndani ya chupa, inatuama chini. "Anataka nipofuke auze saluni," aliwaambia wateja, mmoja baada ya mwingine, vichwa vimeinama chini ya mashine. Tumbo nalo likawa linanguruma kuishinda hiyo mashine, na hewa ya mle ndani, tusiseme. Madirisha yote yalifunguliwa. "Mnasikia? Nalishwa vitu!"

Ulimi hauna mfupa, lakini una miguu. Maneno yalimfikia mkewe dukani, mbele za watu, akiwa amekwenda kununua sabuni. Hakugomba. Alirudi, akakunja nguo zake, akaenda kwa kaka yake mkubwa.

Redio akabaki na kuta. Aliongea na jiko, aliongea na kitanda, hakuna aliyemwitikia hata kwa kuguna. Alimkosa mkewe, tena alimkosa hasa, chakula kikawa hakipiti. Lakini kiburi nacho! Badala ya kwenda kuomba radhi, alibeba chupa na kopo, akaenda ukweni, kwa huyo kaka, kudai haki yake na kumrudisha mke.

"Apike chai yake hapa hapa, tuone," alisema. Mkewe akapika, akajaza chupa mbele ya watu. Shemeji mtu akaonja: haina sukari hata punje. Redio akajimiminia, akatia kijiko, akaonja. "Mnaona? Mwanzo huwa hivi, hamna utamu." Akaongeza, akaongeza tena. Kisha, kikombe mkononi, akaanza kujieleza tangu siku ya posa. Alipofika kwenye mwaka wa pili wa ndoa shemeji alikuwa anasinzia na chai haitoi mvuke tena. Redio akakata kiu. Macho yakamtoka.

"Haya! Ameshaweka!"

Mkewe alikuwa kule mlangoni, anachambua maharage.

"Shemeji," kaka mtu alisema kwa upole, "kikombe hicho hakijatoka mkononi mwako."

Mkewe hakuinua uso. "Sukari ile kwenye moto utamu wake hupungua. Chai ikipoa, unapanda. Muuguzi alisema utie kijiko kimoja, usubiri. Nilikuambia. Ulikuwa unaongea."

 Hapo tumbo la Redio lilitoa hotuba yake, ndefu, yenye vituo. Shemeji kwa heshima akaangalia dirishani muda mrefu sana.

"Nisamehe, mke wangu," alisema Redio, na ajabu ni kwamba aliishia hapo.

"Ulinichafulia jina kwenye kiti chako," alijibu. "Nisafishie hapo hapo. Nikishasikia, ndipo nitajua kama narudi."

Kesho yake mkewe alikuja saluni, akakaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi bomba. Alilaza kichwa, akapakwa povu kidevuni. Redio akachukua wembe.

"Kaka, kabla sijaanza. Mke wangu hakuniwekea sukari. Nilikuwa naizidisha mwenyewe, nikamsingizia. Nimemkosea sana."

Fundi bomba hakufumbua hata macho. "Tunajua. Wote tulikuwa tunakuona kwenye kioo ukichota."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tuseme vipi na wembe wako uko shingoni?"

Benchini mkewe aliangua kicheko, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa nguo. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake, akasema anatangulia nyumbani kuwasha jiko.