Papa wa Silanga na Papa wa Kawangware

Papa amenitenga na Kanisa kwa mara ya tatu tangu Krismasi. Usishtuke, rafiki yangu. Ni Papa wa ndani ya kompyuta. Binti yangu alipohama aliniachia kompyuta yake kuukuu, na kinyozi wa hapa chini, Riruta Satellite ninakopanga, akanitilia gemu la wafalme wa Ulaya ya kale. Sasa mimi, mzee niliyestaafu kazi ya stoo, ni mfalme. Nina ngome, nina wapanda farasi, na nina shida moja tu, nayo ni Papa. Kwenye kona ya kioo kuna misalaba midogo inayoonyesha ananipenda kiasi gani. Nikimjengea kanisa, inaongezeka. Nikituma zawadi na mapadri, inaongezeka. Nikimvamia jirani Mkristo, inapukutika yote, kisha barua inakuja: umetengwa. Hapo raia wangu wanaasi, na kila mfalme ana ruhusa ya kunipiga.

"Niaje mzee," kinyozi huniuliza nikipita asubuhi, "Papa bado amekublock?"

"Bado."

"Si umwombe msamaha?"

"Nangoja afe. Ana miaka sabini na nane. Akifa, makadinali watachagua mwingine, na huyo ataanza na mimi upya."

Kinyozi hucheka mpaka mteja anaogopa kukatwa sikio. Juzi nilicheka naye, halafu nikakumbuka. Hesabu hiyo ya kungoja nilikuwa nimeshaipiga zamani, kabla mtu yeyote mtaani kwetu hajaona kompyuta. Nilikuwa na miaka kumi na moja, naishi Silanga, kule Kibera, na Papa wa wakati huo alikuwa msichana wa darasa letu.

Silanga ya siku hizo ungeipenda. Bwawa lililo kando ya mtaa lilikuwa maji kweli, unaona anga ndani yake, na Jumapili matajiri walikuja na mashua zao za matanga meupe, sisi tukiwatazama kutoka upande wetu kama watu wanaotazama arusi ya wengine. Vyura walipiga kelele mpaka nyanya yangu akawafokea kwa majina. Mama alilima sukuma wiki na nduma ukingoni, na kazi yangu ilikuwa kung'oa magugu na kuteka maji. Jirani yetu aliuza makaa, kwa hiyo hewa yote ya pale ilinukia makaa na udongo uliolowa. Mvua ndefu zikiisha, maji yalirudi nyuma na kuacha tope laini kama unga uliokandwa wa chapati. Kwa mtoto, hiyo ni mali.

Aliyetuharibu ni mwalimu wa historia. Alikuja darasani na chaki mfukoni, akatusimulia habari za wafalme wa zamani na Papa wao, na jinsi mfalme mmoja aliyetengwa alivyosimama miguu mitupu kwenye theluji siku tatu, nje ya lango la Papa, akiomba arudishwe. Theluji hakuna aliyeijua. Mwalimu akasema ni kama barafu ya duka la samaki, ila imejaa nchi nzima. Tuliondoka pale tukitembea kwa ncha za vidole.

Likizo ya Agosti ilipofika tuligawana tope. Kila mtoto alikata nchi yake, akajenga ukuta, akapanga askari wa vizibo vya soda. Vita vilikuwa kufyatua kizibo kwa kidole mpaka kiangushe cha mwenzako. Majina tuliyapata kwa wazazi. Mimi nilikuwa Mfalme wa Sukuma. Mwana wa jirani, rafiki yangu wa kula sahani moja, alikuwa Mfalme wa Makaa. Kisha tukamchagua Papa kwa kutupa jiwe kila mmoja kwenye debe la anayemtaka, na mawe yote, pamoja na langu, yakamwangukia binti wa katekista. Aliweza kusoma Misa mwanzo hadi mwisho, pamoja na kikohozi cha padri. Alijishonea kofia ya gunia la unga, akakalia karai lililopinduliwa, na hakucheka tena mpaka shule zilipofunguliwa.

Wengi wetu hatukuwa hata Wakatoliki. Hilo halikumsumbua mtu.

Sasa sikia ujanja wake. Papa hakuwa na kizibo hata kimoja. Nguvu yake ilikuwa foleni ya maji. Mfereji wa bomba ulikuwa mmoja, na ulitoa maji asubuhi tu. Watoto tulishikiana laini: mmoja alibaki akisukuma madebe ya wenzake kwa mguu, wengine wakaenda kucheza, halafu mnabadilishana. Ukiwa umetengwa, hakuna anayelisukuma debe lako. Ukiliacha kidogo tu, unarudi na kulikuta limepigwa teke kando. Ukisimama nalo, asubuhi yako yote imekwisha.

Kwa hiyo tulimtunza. Tulimpelekea kipande cha muwa, hindi la kuchoma, nduma iliyochemshwa ikiwa bado ya moto. Mbele ya karai lake kila mfalme alikuwa na mstari wa maharagwe. Ukijenga kanisa la tope kabla ya siku uliyopewa, anaongeza haragwe. Ukimtukana mwenzako mama yake, anaondoa mawili. Mimi nilikuwa na maharagwe tisa, mengi kuliko wote, na nikaanza kufikiri Papa ni wangu.

Sheria moja haikuguswa: Jumapili hakuna vita. Jumapili moja mchana Mfalme wa Makaa alikwenda na mama yake kubeba magunia. Nikashuka bwawani peke yangu. Nilibomoa ukuta wake wote kwa visigino na kuchukua askari wake arobaini. Nilifanya haraka, na nilipomaliza nikanawa visigino bwawani.

Jumatatu Papa aliyafuta maharagwe yangu kwa kiganja mara moja, kama anayefuta makombo mezani. "Umetengwa," akasema.

Nilimlilia nyanya. Kanisa lake lilikuwa la ngoma na kanzu nyeupe, wala hakuwa na habari na Roma. Aliposikia Papa amenitenga alisema ni habari njema, akanipakulia omena zaidi.

Lakini foleni ilinimaliza. Baada ya siku nne za kusimama na debe langu kama mjane, nilipata wazo ambalo hata leo kompyuta haijaniruhusu kulifanya. Nikatafuta Papa mwingine.

Shangazi yangu alipanga Kawangware, kwenye ploti ya mzee mmoja mwenyeji aliyefuga ng'ombe wawili na kutulaumu sisi wageni kila maziwa yakipungua. Nilikwenda kwa miguu, na kule nikamtawaza binamu yangu chini ya kamba ya nguo. Kofia ilikuwa kitambaa cha kufunikia sufuria. Alikuwa Papa mwepesi sana. Nilimpa nusu andazi akanisamehe vita vya Jumapili. Nilipompa nusu ya pili akanisamehe na vile nitakavyopigana baadaye. Kesho yake nikamleta Kibera.

Watoto walikusanyika bwawani kama watu wa mkutano wa siasa. Papa wetu hakuinuka kwenye karai.

"Huyu ni nani?"

"Papa," nilisema.

"Papa ni mimi."

"Wewe ni wa Kibera. Huyu ni wa Kawangware."

Mtu akapaza sauti nyuma: "Papa gani huyo ana kamasi?"

Binamu akajipangusa na kofia yake takatifu. Papa akamtazama kwa upole, na hapo nikajua nimekwisha.

"Wewe, nani alikuchagua?"

"Huyu," binamu akaninyooshea kidole. "Alisema huku kuna mahindi."

"Na mimi nani alinichagua?"

"Sisi!" watoto wote wakaitikia.

"Hata yeye," akasema Papa. "Jiwe lake nalikumbuka. Lilikuwa na doa jekundu."

Binamu akavua kofia. "Basi naweza kuwa mfalme tu?" akauliza. Akapewa kipande cha tope karibu na majani na hindi zima la kuchoma, na kuanzia saa ile hakunisemesha, maana mimi nilikuwa mtu aliyetengwa.

Tulicheka miaka mingi kwa habari hiyo, mimi na binamu. Ila sehemu iliyofuata sikuwahi kumsimulia.

Papa alitaka kunirudisha. Aliniita mbele ya wote na kusema, "Yule mfalme alivua viatu. Wewe huna viatu vya kuvua. Kwa hiyo siku tatu utamshikia laini Mfalme wa Makaa. Debe lake mbele, lako nyuma."

Rafiki yangu alikuwa amechuchumaa, akinyoosha kizibo kwa jiwe. Hakuniangalia. "Mimi vizibo sitaki," akasema. "Nataka tu aniambie kwa nini."

Wote wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo. Badala yake nikasema, "Kwa sababu nimetaka," nikaondoka nikipiga mluzi.

Nilikuwa nimepiga hesabu, unajua. Shule zikifunguliwa tungechagua Papa mpya. Mpya hana kisa na mimi. Zilibaki siku tisa tu, na mtu anaweza kusimama na debe lake siku tisa.

Jumamosi ya mwisho jua lilikuwa limeshachoma nilipomsikia mama akiniita kutoka shambani: mbuzi wa mtu ameingia kwenye sukuma. Nikaliacha debe, nikakimbia, nikamfukuza mbuzi, nikarudi nikiwa najua nitalikuta kando. Sikulikuta kando. Lilikuwa la tatu kutoka mferejini, na aliyekuwa akilisukuma kwa mguu ni Mfalme wa Makaa, furushi la nguo begani. Mbele kidogo mama yake alisimama na godoro lililokunjwa, na wadogo zake wawili.

"Limefika," akaniambia.

"Mnaenda wapi?"

"Nyumbani, kule ziwani. Baba ni mgonjwa."

"Mtarudi lini?"

Akainua bega lile lisilo na furushi. Mama yake akamwita, naye akaenda mbio, furushi likimgonga mgongoni. Nilikuwa na muda wa kumfuata. Zamu yangu ilikuwa imefika, nikajaza debe.

Jumatatu Papa mpya, mtoto wa mwenye duka, aliwasamehe wafalme wote kwa pamoja ili apendwe. Kufikia saa nne nilikuwa Mkristo safi, na vizibo arobaini mfukoni, na hapakuwa na mtu wa kumrudishia.

Ningekuambia nilijifunza, ningekuwa nakudanganya. Kaka yangu mkubwa nilimkosea kwa maneno, nikangoja hasira zipoe, nikaja kuitwa mazishini. Mama wa binti yangu naye nilimngojea hivyo hivyo, mpaka akapata maisha mengine. Hakuna aliyenituma kungoja. Nilikuwa na miguu, na njia niliijua.

Mwezi uliopita nilishuka Silanga. Bwawa limefunikwa na majani, unaweza kudhani ni malisho, na wanaolima pale hawajui kama kulikuwa na matanga meupe. Kule Soweto East, jirani tu hapo, maghorofa yamesimama, na watoto wanacheza kwenye ngazi. Kawangware nako ng'ombe wa yule mzee hawapo; wajukuu zake wamejenga ghorofa tano na kamba za nguo ziko juu ya paa. Niliwatafuta watoto wanaochezea tope nikaona wawili, wana simu moja.

Nilisimama mahali nilipodhani nchi zetu zilikuwa, nikajaribu kuona ulipopita ukuta wa Mfalme wa Makaa. Alikuwa ameupamba wote kwa magamba ya konokono wa bwawani, moja moja, akiyapanga makubwa chini na madogo juu, na jua la mchana likiyapiga yaling'aa kama madirisha ya mji. Ulikuwa mzuri kuliko wangu. Ndiyo sababu, hakuna nyingine, na kuisema kungechukua pumzi moja.